HIIT na kitambi: dakika 20 za kukata pumzi zinaishinda saa nzima ya kutembea?

Fundi_wa_Tizi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, najua wengi limewafikia. Jamaa kavua shati, tumbo limekatika vipande sita, chini yake imeandikwa kwamba HIIT inachoma mafuta mara tisa kuliko kukimbia kwa kawaida, na kwamba ukimaliza, mwili unaendelea kuyachoma kwa saa 48 hata ukiwa umelala. Programu ya mwezi mmoja unalipia kwa simu. Mdogo wangu keshalipia, ndiyo maana nimekuja na uzi.

Kwa ambao hawajakutana nayo: HIIT ni mazoezi ya kukaza na kuachia. Unakwenda kasi ya kutoa roho kwa sekunde kadhaa au dakika chache, unapunguza au unatembea ili upumue, halafu unarudia. Iwe mbio, baiskeli, kamba, ngazi, yote sawa. Wanariadha wanafanya hivi tangu miaka ya 1930. Mjerumani Rudolf Harbig, aliyenolewa na kocha Woldemar Gerschler kwa mtindo huu, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6 mwaka 1939. Ila hao walikuwa wanatafuta kasi, vitambi hawakuwa navyo.

Sasa hiyo "mara tisa". Haikuokotwa barabarani. Mwaka 1994 Angelo Tremblay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, Kanada, waliwachukua watu 27. Kumi na saba walifanya mazoezi ya mwendo mmoja kwa wiki 20, kumi wakafanya ya kukaza na kuachia kwa wiki 15. Mafuta yalipimwa kwa kubana mikunjo ya ngozi sehemu sita za mwili kwa koleo maalumu. Kundi la HIIT mikunjo ilipungua zaidi, ingawa lilitumia chini ya nusu ya nguvu iliyotumiwa na wenzao. Watafiti wakachukua upungufu ule wakaugawa kwa nguvu iliyotumika, ndipo tisa ikazaliwa. Ni tisa ya kugawanya, ya mikunjo ya ngozi ya watu kumi. Anayeisoma kwenye tangazo anadhani mwenzake akipungua kilo moja, yeye atapungua tisa.

Na zile saa 48? Ni kweli baada ya zoezi kali mwili unaendelea kuvuta oksijeni kuliko kawaida kwa muda. Tatizo ni kiasi. LaForgia na wenzake wa Australia walizipitia tafiti za jambo hili mwaka 2006, wakakuta nyongeza yote hiyo ni kama asilimia 6 hadi 15 ya oksijeni iliyotumika kwenye zoezi lenyewe. Piga hesabu: mtu wa kilo 80 akipiga HIIT ya dakika 20 kwa dhati anachoma kama kalori 200 na kitu. Asilimia 15 yake ni kalori 30 hivi, yaani vijiko viwili vya sukari kwenye chai. Hiyo ndiyo "unachoma ukiwa umelala".

Msimamo wangu ni huu. HIIT inapunguza mafuta, lakini haipunguzi kuliko kutembea kwa kasi au mchakamchaka wa kawaida kama kazi yote iliyofanyika inalingana. Michael Wewege na wenzake walikusanya tafiti 13 za watu wazima wenye uzito uliozidi, matokeo yakatoka 2017: makundi yote mawili yalipungua mafuta kwa kiasi kinachokaribiana, na kiuno sentimita kama tatu. Tofauti ilikuwa kwenye saa. Wa HIIT walitumia muda pungufu kwa asilimia 40 hivi.

Kwa hiyo unanunua muda, hununui muujiza. Karibuni tujadili, matusi pembeni.

Mlevi_wa_Supu

Mkuu nimesoma mpaka mwisho nikiwa nimeshika chapati. Sisi wa jogging ya Jumapili tunaingia kundi gani? Tunatoka Temeke saa kumi na moja alfajiri, nyimbo mwanzo mwisho, tunarudi saa mbili tumelowa chapachapa. Na vitambi tunavyo.

Fundi_wa_Tizi

Mkuu, naijua hiyo jogging vizuri. Mbio kilomita tano au sita, halafu wote mnaishia kwa mama muuza supu. Bakuli la utumbo lenye mafuta yanaelea juu, chapati mbili, na soda baridi ya kushushia. Hesabu yake ni rahisi: kukimbia kilomita moja kunachoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wako. Kilo 80 kwa kilomita tano ni kalori 400. Soda ya mililita 350 peke yake inakula kalori 140 na ushee. Chapati ya mgahawa, ile inayong'aa, moja tu haishindwi kufika 250. Supu sijaihesabu na tayari umerudisha zote.

Jogging yenu ni nzuri kwa moyo, kwa presha, na kwa kujuana na watu. Lawama ipeleke kwenye supu.

Chuma_Hakilali

Mleta uzi nakupinga, na nakupinga kwa tafiti hizohizo.

Moja. Trapp na wenzake, Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, mwaka 2008. Wanawake vijana 45, wiki 15, mara tatu kwa wiki. Kundi moja lilikaza baiskeli sekunde 8 na kuachia sekunde 12, kwa dakika 20. Jingine liliendesha mwendo mmoja dakika 40. La kwanza lilipoteza kilo 2.5 za mafuta. La pili halikupoteza kitu.

Mbili. Chuo hichohicho, Heydari, 2012, safari hii wanaume wanene. Sekunde 8 kwa 12, wiki 12, chakula hawakubadilisha. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, yalipungua asilimia 17.

Tatu ni mimi mwenyewe. Nilikimbia miaka mitatu mwendo wa kinyonga, kitambi hakikutikisika. Nilipohamia HIIT ndani ya miezi michache mkanda ukaingia matundu mawili. Sasa niambie nani anadanganya.

Fundi_wa_Tizi

Mkuu hapa ndipo uzi unaponoga.

Utafiti wa Trapp ni halali na mimi naupenda. Ila jiulize kwa nini makundi mengine yaliporudia kazi ya namna ile hayakupata pengo hilo. Keating na wenzake walizijumlisha tafiti mwaka 2017, HIIT na mazoezi ya mwendo mmoja vikatoka sare kwenye mafuta. Tena wakasema wazi kwamba upungufu wenyewe kwa pande zote mbili ni mdogo. Wachina nao mwaka huohuo wakafanya jambo ambalo naliona la haki kuliko yote: wasichana wanene, wiki 12, kila zoezi lilisimamishwa pale mtu alipofikisha kilojuli 300 za kazi, awe anakwenda kasi au polepole. Mafuta ya tumboni yalipungua kwa kulingana. Kazi sawa, matokeo sawa.

Wa Heydari hawakulinganishwa na watu wanaotembea. Walilinganishwa na watu waliokaa bila mazoezi. Kwamba HIIT inashinda kukaa, hilo hata mimi sibishi.

Kwa haki yako nikuongezee silaha: mwaka 2019 Viana na wenzake wa Brazil walitoa uchambuzi uliosema mazoezi ya vipindi yanapunguza kilo za mafuta kwa asilimia 28.5 zaidi. Watu wanaikariri bila kuuliza asilimia 28.5 ya nini. Kama mwenzako kapungua kilo moja na nusu, wewe utakuwa kwenye kilo mbili hivi. Tofauti ni gramu mia nne na kitu kwa miezi kadhaa.

Halafu hiyo hoja yako ya tatu. Ulipohamia HIIT, bia ulikuwa unakunywa kama mwanzo?

Chuma_Hakilali

Bia niliacha kipindi hichohicho. Lakini usinitoe kwenye reli 😂

Mlevi_wa_Supu

Kesi imefungwa, mheshimiwa hakimu.

Mama_Wawili_Kimara

Habari zenu kaka zangu. Mimi naomba msaada wa kweli, si mabishano. Nina miaka 41, watoto wawili, naondoka nyumbani kabla hakujakucha narudi usiku, barabara ya Morogoro mnaijua. Muda wangu ni dakika 25 asubuhi, basi. Nimeanza kukimbia kwa kukaza na kuachia pale uwanja wa shule jirani, mara tatu kwa wiki, tangu baada ya Pasaka. Mizani haijasogea hata kidogo. Lakini magauni ya kazini yamelegea kiunoni na ngazi za ofisini napanda bila kusimama katikati. Niendelee au najidanganya?

Fundi_wa_Tizi

Dada endelea, tena wewe ndiye mtu ambaye HIIT iliwekwa kwa ajili yake. Mwenye muda wa saa nzima ana uchaguzi, mwenye dakika 25 hana.

Kuhusu mizani: inapima vyote kwa pamoja, mafuta, misuli, maji, mpaka ugali wa jana. Mwanzo wa mazoezi makali misuli inashika maji na wanga zaidi, na kwa asiyezoea misuli yenyewe inaongezeka kidogo. Mafuta yakitoka kilo moja na hivyo vikaingia kilo moja, mizani inakaa kimya. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kunywa kitu, mara moja kila wiki mbili. Gauni lako limeshajibu lakini andika namba.

Na hizo ngazi ndiyo habari kubwa kuliko kilo. Kule Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kundi la Martin Gibala lilitoa utafiti 2016: wanaume waliokuwa hawafanyi mazoezi, wiki 12. Wengine waliendesha baiskeli dakika 45 mfululizo. Wengine walikuwa na dakika 10 tu, ndani yake wanakaza sekunde 20 mara tatu, yaani dakika moja ya shughuli kweli. Uwezo wa mapafu na moyo ulipanda karibu asilimia 19 kwa makundi yote mawili, na insulini ikaanza kufanya kazi vizuri zaidi kwa wote. Huo ndio ushindi halisi wa HIIT, sema hauuziki kwa picha ya mtu kavua shati.

Tabata_Kila_Siku

Mbona hamjaitaja Tabata? Dakika nne tu. Nina programu kwenye simu, inalia ngrii, sekunde 20 unaruka, ngrii, sekunde 10 unapumzika, mara nane. Mwalimu anasema ni sawa na saa moja ya kukimbia.

Fundi_wa_Tizi

Hiyo ya "sawa na saa moja" ilianzia hivi. Izumi Tabata wa Japani alitoa utafiti wake 1996. Mtindo wenyewe aliukuta kwa kocha wa timu ya taifa ya kuteleza kwenye barafu, Irisawa Koichi, yeye akaupima. Vijana waliokuwa tayari na mazoezi waliendesha baiskeli isiyotembea kwa kasi ambayo ni asilimia 170 ya kile pumzi inachoweza kukidhi. Yaani mwili unakopa. Raundi ya saba au ya nane miguu inagoma yenyewe, mtu hawezi tena. Siku tano kwa wiki, wiki sita. Kundi la pili liliendesha saa moja mwendo wa kati. Wa Tabata wakapanda uwezo wa pumzi sawasawa na wenzao au zaidi, na uwezo wa kukaza bila pumzi ukapanda asilimia 28.

Umeona neno mafuta hapo? Hayakuwa swali la utafiti ule. Kilicholingana na saa moja ni pumzi. Kalori hazikulingana hata chembe, dakika nne ni dakika nne.

Na kitu kimoja nikuulize kwa upendo: ukimaliza raundi ya nane ukaweza kushika simu ukapiga selfi, hiyo ilikuwa Tabata au ngrii tu?

Kerio_View

Wadau, habari kutoka huku Elgeyo Marakwet. Nimeona mnataja wanariadha, nichangie kidogo.

Hapa Iten kila Alhamisi asubuhi kuna fartlek. Watu wanakusanyika kwenye barabara ya vumbi, wakati mwingine wanapita mia moja, mabingwa wa marathoni na vijana wasiojulikana na wageni wa kutoka Ulaya. Anayeongoza anasema tu, leo ni moja kwa moja, ama mbili kwa moja. Dakika mbili mbio kali, dakika moja polepole. Saa zote zinalia pamoja, kundi linaruka, vumbi linafunika kila kitu. Tuko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mgeni akishika raundi tatu tunampigia makofi.

Lakini mtu akiona wembamba wetu asiseme ni ile fartlek. Hiyo ni siku moja. Siku ya mbio za kasi uwanjani ni nyingine. Zilizobaki ni kilomita nyingi za polepole, tena polepole sana, watu wanapiga stori njiani. Na tunakula! Ugali, sukuma, maharagwe, chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Kuna utafiti wa Onywera na wenzake, 2004, walipima chakula cha wakimbiaji wetu wakakuta wanga ni zaidi ya robo tatu ya kalori zote, na sukari peke yake kama sehemu moja ya tano. Ungemwambia mtu wa kupunguza tumbo ale hivyo angekushtaki. Tofauti ni kilomita tunazopiga kila wiki.

Mtu wa ofisi asiige Alhamisi yetu akaacha hizo siku zingine.

Chuma_Hakilali

Kerio_View nimekusoma. Hapo kwa "polepole sana" umenigusa, maana sisi huku kila siku tunataka kufa.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Naomba niingilie kabla hamjamuua mtu.

Watu wengi wanaokuja kupimwa hawajui kama wana presha. Mtu wa miaka 45, hajakimbia tangu JKT, anapakua video, siku ya kwanza anakaza mpaka macho yanaona giza. Tafadhali, kama umepita miaka 40, una presha, kisukari, au kwenu kuna waliofariki ghafla kwa moyo, pima kwanza. Kupima presha ni dakika mbili.

Sisemi HIIT ni sumu kwa wagonjwa. Wanorwe walifuatilia wagonjwa wa moyo 4,846 kwenye vituo vyao vya mazoezi tiba, matokeo yakatoka 2012: kwenye saa 46,364 za mazoezi makali moyo ulisimama ghafla mara mbili, wote wawili wakaokolewa. Ni nadra. Lakini pale palikuwa na wataalamu na mashine ya kushtua moyo. Kwenye uwanja wa shule ya msingi alfajiri hakuna.

Wa kisukari wanaotumia insulini au zile dawa za kuteremsha sukari: zoezi kali linaweza kuipandisha sukari kwa muda kwanza, kisha ikashuka baadaye mchana au hata usiku. Pima kabla, pima baada, uwe na kitu cha sukari mfukoni, ongea na daktari wako kuhusu dozi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kurukaruka: simama hapohapo, usimalizie raundi.

Mdogo_Mtu

Kaka nimekuona. Kumbe unanisema mitandaoni?

Wakuu, mimi ndiye niliyelipia. Sasa mseme na mimi. Programu inasema siku sita kwa wiki, burpizi, kuruka miguu pembeni, kupanda mlima sakafuni, kuruka tena. Naishi ghorofa ya pili. Jirani wa chini amegonga dari kwa fagio, siku ya tatu akapanda mwenyewe. Magoti yanalia nikishuka ngazi. Na njaa ninayosikia saa nne asubuhi sijawahi kuisikia maishani, jana nimekula wali maharage sahani mbili. Nimepungua? Sijui. Nimechoka, hilo najua. Nikifika nyumbani jioni nalala kwenye kochi mpaka taarifa ya habari.

Fundi_wa_Tizi

Dogo, karibu, nyumbani tutaongea.

Ila umeleta jambo ambalo tangazo haliwezi kulitaja: kochi. Mwili unafidia. Ukiuchosha asubuhi, unabana matumizi kutwa nzima. Unakaa ambapo ungesimama, unapanda bodaboda ambapo ungetembea, na unakula. Hapo kalori zako 200 za asubuhi zimeshaliwa na saa nne ya asubuhi.

Siku sita za kukaza kwa asiyezoea ni ukatili. Mbili, zikizidi sana tatu, zisifuatane. Na kuruka sakafuni si lazima kabisa. Ukitaka kulinda magoti kaza ukiwa unapanda mlima, kwa mfano barabara ya kupandia Chuo Kikuu. Mguu unatua kwa upole kuliko kwenye tambarare na mapafu yanapata kazi yote. Kushuka, tembea.

Babu_Hakuwa_na_Kitambi

Mnazunguka bure. Mababu zetu hawakuwa na HIIT wala futi ya cherehani. Walitembea kutwa, walichoma kalori mara tatu ya sisi, ndiyo maana hawakuwa na nyama uzembe. Rudini shamba.

Fundi_wa_Tizi

Mzee wangu shikamoo. Hilo limepimwa, tena hapahapa kwetu. Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwa Wahadza, pembeni ya Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wakawanywesha maji maalumu yanayowezesha kupima nishati yote inayotumika kwa siku kadhaa bila kumfungia mtu kwenye chumba. Wanaume walikuwa wanatembea kilomita kama 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Matokeo yalitoka 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadza alikuwa anatumia nishati ya siku nzima sawa na Mmarekani wa ofisini.

Si mara tatu. Sawa. Na bado hawana vitambi.

Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa chini. Maana yake si kwamba kutembea ni kazi bure, Wahadza wana mioyo mizuri hata uzeeni. Maana yake ni kwamba mwili una bajeti yake ya nishati na unajua kuilinda, kwa hiyo tofauti kubwa ya kiuno kati ya Mhadza na mimi iko kwenye sahani kuliko kwenye miguu. Mizizi yenye nyuzi, matunda pori, asali, nyama ya siku ya bahati. Hakuna vitumbua vya kukaanga saa nne.

Babu_Hakuwa_na_Kitambi

Marahaba. Hiyo ya Wahadza naikubali shingo upande. Ila shamba rudini.

Mpemba_wa_Muscat

Assalaamu alaykum jamaa. Huku kiangazi joto linapita nyuzi 40, kukimbia nje ni usiku au alfajiri mapema tu. Suali langu ni la Ramadhani. Wapo wanaokaza saa moja kabla ya futari, wanasema tumbo likiwa tupu mafuta yanaungua zaidi. Ni kweli? Na mie nnaogopa maji.

Fundi_wa_Tizi

Waalaykum salaam. Ukifanya zoezi ukiwa na njaa, ndani ya zoezi lile mwili unatumia mafuta kwa sehemu kubwa zaidi, kweli. Lakini ukiangalia wiki nzima, inajisawazisha. Brad Schoenfeld na wenzake 2014 waliwachukua wanawake 20, wote wakapunguza chakula, nusu wakafanya mazoezi ya saa moja kabla ya kula, nusu baada ya kula, kwa wiki nne. Wote walipungua, na hakuna kundi lililolishinda jingine.

Hofu yako ya maji ni ya haki. Kukaza ukiwa umekauka kutwa kwenye joto la Muscat ni kutafuta kuanguka. Kabla ya futari tembea tu. Kama unataka kukaza, iwe baada ya tarawehe, umeshakunywa maji na chakula kimeshuka.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Nakazia hapo.

Mama_Wawili_Kimara

Kaka Fundi, basi nipangie. Dakika 25, siku tatu, uwanja wa shule. Kifaa cha kupima mapigo sina.

Fundi_wa_Tizi

Dada, dakika tano za kwanza tembea, ukimalizia kwa mwendo wa haraka. Kisha dakika moja kasi, dakika mbili tembea, rudia mara sita. Hapo umefika 23, mbili za mwisho tembea polepole. Kasi yako ni ipi? Ile ambayo mtu akikuuliza jina la mtoto wako unaweza kumtajia moja, wa pili pumzi inakata. Ukiweza kusimulia, ongeza. Ukishindwa hata kutikisa kichwa, umezidisha. Baada ya mwezi punguza kutembea kutoka dakika mbili hadi moja na nusu, raundi ziwe saba.

Anayetaka namba za mapigo: toa asilimia 70 ya umri wako kwenye 208. Kwa miaka 40 ni 180, na eneo la kukaza ni kama 153 hadi 171.

Ila kati ya siku hizo tatu, moja ifanye ya nguvu badala ya mbio. Kuchuchumaa na kusimama, pushapu ukiegemea benchi, kubeba ndoo mbili za maji na kutembea nazo. Unapopungua hutaki kupoteza misuli. Na Jumapili tembea na watoto, saa nzima kama unaipata. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kati kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, au uchanganye. Wewe utakuwa umechanganya.

Chakula sitakupangia kwa sababu sijui unakula nini. Anza na vya kunywa, vile vyenye sukari. Ndivyo vinavyoingia bila mtu kuviona.

Mlevi_wa_Supu

Mkuu na mimi nipangie. Ila supu isiguswe.

Fundi_wa_Tizi

Supu kunywa. Mwambie mama akuenguie mafuta ya juu, chapati iwe moja, soda iwe maji. Kwenye jogging yenu, mkifika njia panda waambie wenzako mkaze nguzo ya umeme hadi nguzo ya umeme, moja mnakimbia kweli, mbili mnaimba. Mara nane zinatosha. Ukirudi hapa baada ya miezi mitatu uje na namba ya kiuno, usije na picha.

Mlevi_wa_Supu

Hiyo ya nguzo Jumapili naipeleka kwa mwenyekiti. Hiyo ya chapati moja tutaijadili kwenye kamati.

Mdogo_Mtu

Kaka, na hela yangu ya programu inarudishwaje?

Fundi_wa_Tizi

Soma masharti uliyokubali wakati unalipia, kama kuna siku za kuomba kurudishiwa wahi leo. Kama hakuna, angalia pia kama haijajisajili kukukata tena mwezi ujao. Hiyo ndiyo inayowaumiza wengi.